Matatizo ya Programu za Michoro Jongefu na Madoido ya Video: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyo hapa yanahusu programu za aina hii kwa jumla, na pale ambapo tabia fulani ni ya programu moja tu, jina lake limetajwa. Neno *kurenda* limetumika kwa maana ya kukokotoa fremu za mwisho na kuziandika kwenye faili, na *mwonekano wa awali* ni ile picha unayoitazama ndani ya programu wakati kazi ikiendelea.

## Kabla ya kurekebisha chochote

1. Tatizo limetokea na sijui chanzo chake. Nianzie wapi?

Anza kwa kutafuta tatizo linakaa wapi, kwa sababu kuna mahali panne tu panapoweza kulizalisha: kwenye video au picha ulizoingiza, kwenye mpangilio wa mradi wenyewe, kwenye kompyuta na draiva zake (programu ndogo zinazoendesha vifaa vyake), au kwenye hatua ya kutoa faili la mwisho. Anayebadilisha mipangilio kabla ya kujua ni wapi kati ya hapo huishia na matatizo mawili, lile la awali na lile alilolitengeneza mwenyewe.

Majaribio ya kutenganisha ni mepesi. Fungua mradi mpya ulio mtupu na uweke ndani yake ile klipu inayosumbua peke yake. Ikisumbua na huko, kosa ni la klipu au la kompyuta. Ikitulia, rudi kwenye mradi wako na uzime leya (tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine) kwa nusu: zima nusu ya kwanza, na tatizo likibaki, zima nusu ya zile zilizosalia, na uendelee hivyo. Mradi wenye leya 64 hufika kwenye leya moja yenye hatia kwa hatua sita. Mwisho, jaribu kufungua mradi huohuo kwenye kompyuta nyingine ukiweza, kwa maana hakuna kipimo kingine kinachotenga kosa la mashine na kosa la mradi kwa uhakika kama huo.

2. Je, kufuta programu na kuisakinisha upya husaidia?

Mara chache. Mapendeleo yaliyoharibika ndiyo husababisha mambo mengi yanayosemwa kuponywa na usakinishaji mpya, na mapendeleo hayo yanaweza kurudishwa katika hali ya kiwandani bila kugusa programu yenyewe. Isitoshe, programu kadhaa huyaacha mapendeleo ya zamani kwenye diski unapozifuta, kwa hiyo kosa linarudi pamoja nayo.

## Mwonekano wa awali unaposuasua

3. Kwa nini mwonekano wa awali unakwama, ilhali video ileile inacheza vizuri kwenye kicheza video cha kawaida?

Kicheza video hufanya kazi moja tu, ya kufungua mbano wa faili na kuonyesha picha, na mara nyingi husaidiwa na sehemu maalumu ya kadi ya michoro iliyoundwa kwa kazi hiyo. Programu ya madoido, kwa upande wake, hukokotoa kila leya, kila maski (umbo linaloficha au kuonyesha sehemu ya leya) na kila doido kwa kila fremu, kisha huihifadhi fremu nzima kwenye kumbukumbu ikiwa haijabanwa.

Hesabu yake inafaa kufahamika. Fremu ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye chaneli tatu za rangi na moja ya uwazi, katika biti 8 kwa kila chaneli, huchukua takriban megabaiti 8.3. Sekunde kumi kwa fremu 25 kwa sekunde ni fremu 250, yaani gigabaiti 2 na kidogo. Ukibadilisha mradi kuwa wa biti 32, kiasi hicho huzidishwa mara nne. Ukihamia ukubwa wa 3840 kwa 2160 huzidishwa mara nne nyingine, na sekunde zilezile kumi sasa zinadai takriban gigabaiti 33. Ndiyo maana mashine iliyokuwa ikifanya kazi vizuri jana huonekana kuchoka ghafla leo, ilhali kilichobadilika ni mradi.

Tiba ya kwanza ni kupunguza ubora wa mwonekano wa awali hadi nusu, jambo linalobakiza robo tu ya pikseli na wala haliathiri faili la mwisho. Ya pili ni kufupisha eneo unalolitazama. Ya tatu ni kuzirenda mapema leya ambazo hutazigusa tena, na kuweka matokeo yake mahali pake.

4. Kashe ni nini, na niifute lini?

Kashe ni hazina ya fremu zilizokwisha kukokotolewa, ambazo programu huziweka kwenye kumbukumbu au kwenye diski ili isizikokotoe tena. Ifute pale unapoona picha ya zamani ikiendelea kuonekana baada ya kufanya badiliko, au diski inapokaribia kujaa. Kuifuta kila siku kama desturi ni kujinyima kasi bila sababu. Ni vyema zaidi kuiweka kwenye diski ya SSD ambayo si ile yenye video zako.

5. Ninabadilisha vitu katika After Effects lakini picha haibadiliki kabisa.

Tazama kitufe cha Caps Lock kwenye kibodi. Kikiwa kimewashwa, After Effects huacha kabisa kuonyesha mabadiliko, na huweka ujumbe chini ya dirisha la picha ambao wengi hawausomi. Kipengele hiki kiliwekwa makusudi ili mtu aweze kubadilisha mambo mengi bila kusubiri picha, lakini kwa mgeni hufanana mno na programu iliyoganda. Kama kitufe hakijawashwa, futa kashe kama ilivyoelezwa katika swali la 4.

6. Video iliyorekodiwa kwa simu inakatikakatika ndani ya programu, na sauti yake hailingani na midomo.

Hapa kuna mambo mawili yaliyochanganyika. La kwanza ni aina ya mbano: H.264 na HEVC huhifadhi fremu chache tu zikiwa kamili, na zilizobaki huandikwa kama tofauti kati ya fremu na jirani zake. Ili kuonyesha fremu moja ya katikati, programu hulazimika kwanza kufungua fremu nyingine kadhaa. La pili ni kwamba simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika kulingana na mwanga na joto la kifaa, wakati programu za madoido zinategemea kasi moja isiyoyumba.

Igeuze video hiyo kabla ya kuiingiza, iwe na kasi thabiti na kodeki (njia ya kubana video) ya uhariri kama ProRes au DNxHR. HandBrake hurekebisha kasi ya fremu, na FFmpeg hufanya yote mawili kwa pamoja. Zote ni za bure. Faili litakuwa kubwa mara kadhaa, na hilo ni la kawaida. Kama sauti inaachana na picha polepole kadiri video inavyosonga, soma pia swali la 17.

## Programu inapojifunga na kazi inapopotea

7. Programu inajifunga yenyewe bila onyo. Nifanyeje?

Angalia kwanza kama inajifunga mahali palepale kila mara. Ikiwa ni kwenye fremu ileile au doido lilelile, basi tatizo limo ndani ya mradi, na mbinu ya kuzima leya kwa nusu iliyo katika swali la 1 italikamata. Ikijifunga wakati wowote bila mpangilio, shuku kadi ya michoro, kumbukumbu au programu-jalizi (nyongeza zinazopachikwa ndani ya programu) za watu wengine.

Kwa kadi ya michoro, zima matumizi yake ndani ya programu kwa muda na ujaribu kazi ileile kwa kichakataji kikuu (CPU) pekee. Ikipita, sakinisha draiva nyingine. Kwa kadi za NVIDIA ipo familia ya draiva iitwayo Studio, iliyokusudiwa kazi za ubunifu kuliko michezo. Kwenye Windows kuna jambo moja zaidi: mfumo huipa kadi sekunde 2 za kujibu, na isipojibu huichukulia kuwa imekwama na kuiwasha upya, hivyo doido zito linaweza kuuawa hata kama lilikuwa likiendelea vizuri. Kumbukumbu ya kadi nayo ina kikomo chake, tofauti na ile ya kompyuta, na picha kubwa ya pikseli 8000 iliyoingizwa kwa ajili ya nembo ndogo huila bila faida yoyote.

Programu-jalizi ziondoe zote kwenye folda yake, kisha zirudishe chache chache. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayoleta majibu mara nyingi kuliko nyingine zote.

8. Programu imejifunga kabla sijahifadhi. Je, kazi imepotea?

Huenda haijapotea yote. After Effects huweka nakala za kujihifadhi katika folda iliyo kando ya faili la mradi. Blender, isipobadilishwa, hujihifadhi kila dakika 2 katika folda ya muda ya mfumo, na tena kila unapohifadhi mwenyewe huacha toleo lililotangulia kando ya mradi likiwa na kiambishi .blend1. Fungua nakala hiyo na uihifadhi mara moja kwa jina jipya, kabla ya kuanza kuitumia.

9. Nimehamisha mradi kwenye kompyuta nyingine, na sasa video zimegeuka milia ya rangi na maandishi yamebadilika sura.

Faili la mradi halibebi video, picha wala fonti. Hubeba anwani zake tu. Folda ikihama au herufi ya diski ikibadilika, anwani huelekea mahali pasipo na kitu, na After Effects huweka milia ya rangi badala ya kilichokosekana. Ielekeze programu kwenye faili moja lililopotea, na kwa kawaida mengine ya folda hiyo hupatikana yenyewe. Kabla ya kuhamisha, tumia amri ya kukusanya mafaili ambayo programu nyingi zinayo, na uandike pembeni majina ya fonti, kwa kuwa hizo ni lazima zisakinishwe kwenye mashine ya pili kivyake.

## Picha isiyo kama ilivyokusudiwa

10. Nembo na maandishi yangu yanaonekana yenye ukungu.

Kama nembo ni ya vekta (iliyochorwa kwa mistari ya kihesabu, si kwa pikseli) na umeikuza, huenda programu iliigeuza kuwa pikseli kwa ukubwa wake wa asili kisha ikakuza pikseli hizo. Katika After Effects kuna swichi kwenye kila leya inayoilazimisha vekta ichorwe upya kwa kila ukubwa. Fahamu tu kwamba swichi hiyo hubadilisha pia mpangilio wa ukokotoaji, na baadhi ya madoido yataonekana tofauti (swali la 13).

Kama hujaikuza na bado ina ukungu, angalia nafasi yake. Leya yenye upana wa pikseli 101 ikiwekwa katikati kabisa ya picha ya pikseli 1920, kingo zake huangukia nusu ya pikseli, na programu hugawa rangi kwa pikseli mbili jirani. Ongeza 0.5 kwenye nafasi yake na makali yatarudi.

11. Picha yangu yenye mandharinyuma wazi ina ukingo mweusi mwembamba kuizunguka.

Uwazi huhifadhiwa kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, rangi hubaki kamili na chaneli ya alfa peke yake hueleza kila pikseli inaonekana kwa kiasi gani. Katika ya pili, rangi imekwisha kuzidishwa na kiasi hicho juu ya mandhari, ambayo kwa kawaida ni nyeusi. Programu ikiisoma picha ya namna ya pili kana kwamba ni ya namna ya kwanza, weusi uliochanganyika kwenye kingo hubaki palepale. Ikikosea kwa upande wa pili, kingo hung'aa kupita kiasi.

Rekebisha jambo hili pale unapofafanua faili lililoingizwa, wala usijaribu kulificha kwa kubana ukingo, kwani utakata nywele na moshi pamoja na weusi wenyewe. Katika Nuke, kosa lilelile hutokea unaporekebisha rangi ya picha ambayo bado imezidishwa: iondolee kuzidishwa kwanza, rekebisha rangi, kisha izidishe tena.

12. Mandhari yenye rangi inayofifia polepole inaonyesha mistari badala ya kuteleza.

Biti 8 hutoa ngazi 256 kwa kila chaneli, lakini rangi inayofifia kutoka nyeusi hadi kijivu cha giza inaweza kutumia 20 tu kati ya hizo. Zikitandazwa kwenye pikseli 1920, kila ngazi inakuwa mkanda wa pikseli 96, na jicho huuona bila shida. Weka mradi kwenye biti 16 na utoe faili la biti 10, lenye ngazi 1024. Ikiwa ni lazima faili la mwisho liwe la biti 8, nyunyizia chembechembe hafifu juu ya mandhari. Huvunja mipaka ya mikanda. Mbano mkali wakati wa kutoa unaweza kuzifuta chembe hizo, kwa hiyo ongeza na kiwango cha data.

13. Kivuli cha leya yangu kinazunguka pamoja nayo, ingawa mwanga haujahama.

After Effects hukokotoa leya kwa utaratibu usiobadilika: maski kwanza, kisha madoido, kisha nafasi, ukubwa na mzunguko, na mwisho mitindo ya leya. Kivuli kilichowekwa kama doido huchorwa kabla ya mzunguko, na hivyo huzungushwa. Ifunge leya inayozunguka ndani ya komposisheni yake (kifurushi cha leya kinachotumika kama leya moja), kisha weka kivuli juu ya komposisheni hiyo. Malalamiko mengi ya kwamba doido limekwenda mahali pasipofaa yanatokana na utaratibu huu huu.

14. Baada ya kuondoa skrini ya kijani, kingo zinatetema na kuonyesha vijisanduku.

Video nyingi hurekodiwa kwa mfumo wa 4:2:0, ambamo kila pikseli nne hushirikiana taarifa moja ya rangi, huku mwangaza ukihifadhiwa kwa kila pikseli. Jicho halilalamiki, lakini kifaa cha kuondoa kijani hutegemea rangi hasa, na hivyo huona picha yenye robo ya maelezo. Kama bado hujarekodi, chagua 4:2:2 au zaidi. Kama umekwisha kurekodi, lainisha chaneli za rangi pekee kabla ya kuondoa kijani, na ufanye kazi hiyo kwa maski mbili: moja kali kwa mwili, nyingine laini kwa nywele na kingo.

## Mwendo na muda

15. Nimepunguza kasi ya video na sasa inarukaruka au inayeyuka.

Klipu ya fremu 25 kwa sekunde ikipunguzwa hadi robo ya kasi yake hubaki na fremu halisi 6.25 tu kwa kila sekunde. Programu ama huzirudia, ndipo picha inaporukaruka, ama hubuni za katikati kwa kukisia mwendo wa pikseli, ndipo inapoyeyuka mahali vitu vinapopishana. Aliyerekodi kwa fremu 100 hana tatizo hili. Kwa wengine, nusu ya kasi mara nyingi huvumilika, na robo huwa ni bahati.

16. Programu inashindwa kutambua mwendo wa kamera.

Ili kukokotoa kamera katika pande tatu, programu huhitaji kuona vitu vya karibu vikisogea zaidi kuliko vya mbali. Kamera iliyogeuka tu juu ya kijiti chake haitoi tofauti hiyo, na kwa klipu kama hizo chagua hali ya kamera isiyohama, ikiwepo. Zifunike kwa maski sehemu zenye watu wanaotembea, maji na vioo, kwa sababu alama zinazokaa juu yake hudanganya hesabu. Usifuatilie klipu ambayo imekwisha kutulizwa au kukatwa kingo.

17. Sauti inaanza ikiwa sawa lakini mwishoni imeachana na picha.

Pambanua kwanza: tofauti iliyo ileile tangu mwanzo ni ya kusogeza tu, lakini inayokua polepole ni ya kasi ya fremu. Video ya 29.97 ikisomwa kama ya 30 huachana na sauti kwa takriban sekunde 3.6 kwa kila saa. Sahihisha kasi katika ufafanuzi wa faili, wala usiinyooshe sauti. Katika DaVinci Resolve, weka kasi ya mradi kabla ya kuingiza klipu ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo mpangilio huo hufungwa.

## Kutoa faili la mwisho

18. Kwa nini rangi za faili lililotolewa ni tofauti na nilizoziona?

Ukiwa unatumia Blender na rangi za nembo zimepauka, sababu ni ugeuzaji wa mwonekano, ambao tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023 ni AgX. Umeundwa kwa mwanga wa mandhari halisi; kwa michoro bapa chagua Standard.

Weusi uliogeuka kijivu, au maeneo ya giza yaliyozama kabisa, huashiria mgongano wa masafa: video kwa kawaida hutumia namba 16 hadi 235, kompyuta hutumia 0 hadi 255, na upande mmoja umeusoma mwingine vibaya. Tofauti ndogo ya mwangaza kati ya QuickTime Player na vicheza video vingine, nayo, hutokana na jinsi kila kimoja kinavyotafsiri lebo ya rangi iliyo ndani ya faili. Usirekebishe mradi kwa sababu ya kicheza video kimoja. Linganisha angalau viwili, na ulirudishe faili ndani ya programu yenyewe. Likionekana sawa humo, faili ni zima.

19. Nilitoa video yenye mandharinyuma wazi, imetoka na weusi.

H.264, kama inavyotumiwa karibu kila mahali, haibebi chaneli ya alfa. Tumia ProRes 4444 (si 422), mfululizo wa picha za PNG, au WebM ya VP9 kwa tovuti, na hakikisha umechagua kutoa rangi pamoja na alfa. Ukingo mweusi ukibaki, rudi swali la 11.

20. Kurenda kunasimama kabla ya kumalizika.

Kukisimama faili linapofikia gigabaiti 4, diski yako imeumbizwa kwa FAT32, mfumo usiokubali faili kubwa kuliko hapo. Hamishia kazi kwenye diski ya exFAT au NTFS. Kukisimama kwenye fremu ileile, fuata swali la 7. Kukikataa tangu mwanzo kwa ujumbe kuhusu upana au urefu, angalia kama mojawapo ni namba witiri, kwa kuwa mbano wa 4:2:0 hudai namba shufwa.

Kwa kazi yoyote ndefu ni afadhali kurenda mfululizo wa picha kuliko video moja. Faili la MP4 lililokatizwa katikati mara nyingi halifunguki kabisa, kwa sababu faharasa yake huandikwa mwishoni. Mfululizo uliokatika kwenye fremu ya 800 huendelea kutoka ya 801, na sauti huunganishwa baadaye.

## Hali zisizo za kawaida

21. Chembe za moshi au vitambaa vinatoka tofauti kila ninaporenda.

Uigaji wa aina hiyo hukokotoa kila fremu kutokana na iliyotangulia. Ukianzia katikati, au kompyuta mbili zikigawana fremu, kila moja hufika kwenye hali yake. Kokotoa uigaji wote mara moja kutoka fremu ya kwanza, uuhifadhi kwenye diski, ndipo urende.

22. Mwenzangu amenitumia mradi wa toleo jipya na haufunguki kwangu.

Kwa kawaida matoleo ya zamani hayasomi vizuri mradi wa matoleo mapya. Mwombe auhifadhi upya kwa muundo wa toleo la nyuma, uwezo ambao After Effects inao kwa matoleo machache tu ya karibu. Madoido yasiyokuwepo wakati huo hayatafanya kazi. Kama pengo ni kubwa, mwombe akurendee leya zake kwa namna iliyoelezwa katika swali la 19.

23. Ekspresheni (misimbo mifupi inayoendesha thamani za leya) zilizofanya kazi kwenye kompyuta moja zinatoa makosa kwenye nyingine, ingawa toleo ni lile lile.

Angalia mambo mawili. After Effects ina injini mbili za ekspresheni, ya zamani na ile ya JavaScript iliyokuja na toleo la 2019, na uchaguzi wake uko katika mipangilio ya mradi; msimbo ulioandikwa kwa uzembe kidogo hukubaliwa na ya zamani na kukataliwa na mpya. La pili ni lugha ya programu. Ekspresheni inayolitaja doido kwa jina linaloonekana kwenye skrini huvunjika pale programu inapotumia lugha nyingine, kwa sababu jina hilo nalo limetafsiriwa. Yape madoido majina yako mwenyewe kabla ya kuyarejelea, na sifa zilizo ndani yake zitaje kwa namba ya nafasi yake badala ya jina.